Moshi wa Magari na Ada ya Jiji: Wenye Magari Walisema Nini?

Kurasa zilizotangulia tumesema mengi kuhusu pumu na homa ya mapafu kwa watoto. Leo ningependa tuangalie jambo linalohusiana sana na magonjwa hayo, ingawa wengi wetu hatulioni kuwa ni jambo la hospitali. Ni moshi unaotoka kwenye magari, na ile ada ambayo miji fulani duniani inawatoza wenye magari kwa sababu ya moshi huo. Nitakupeleka London, Uingereza, kwa kuwa huko mabishano yamekuwa makali na historia yake imeandikwa vizuri. Tutapita Stockholm kidogo, halafu tutarudi nyumbani Kenya.

Ukisoma, nakuomba ushike swali moja. Mwenye gari naye ana watoto, naye anapumua hewa ile ile. Mbona basi anakasirika akiambiwa alipie ili hewa isafishwe? Wengi hujibu haraka kwamba ni ubinafsi. Mimi sikubaliani nao. Ukimsikiliza vizuri utaona kwamba mara nyingi hagombani na hewa safi, anagombana na namna alivyotendewa.

Hadithi ya London inaanza kabla ya magari kuwa mengi. Kuanzia tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952, jiji hilo lilifunikwa na ukungu mzito uliochanganyika na moshi wa makaa ya mawe, yaliyokuwa yakichomwa majumbani na viwandani. Upepo haukuvuma, moshi ukakosa pa kwenda. Makondakta walitembea mbele ya basi na taa mkononi ili dereva aione njia. Hesabu ya kwanza ilisema watu wapatao 4,000 walikufa. Watafiti waliorudia hesabu hiyo miaka mingi baadaye walisema huenda walifika 12,000. Bunge lilipitisha Sheria ya Hewa Safi mwaka 1956, makaa yakapungua majumbani, na watu wakaona kwamba vita vimekwisha.

Havikuwa vimekwisha. Moshi mweusi uliondoka, ukaja mwingine usioonekana kwa urahisi. Gari likichoma petroli au dizeli hutoa gesi inayoitwa naitrojeni dioksaidi, ambayo huwasha njia ya hewa na kuifanya ivimbe. Hutoa pia chembe ndogo sana za masizi, nyembamba kuliko unywele mara nyingi. Puani zinapita, kooni zinapita, zinashuka hadi ndani kabisa ya mapafu, na nyingine zinaingia kwenye damu. Ndiyo sababu moshi wa gari hauishii kwenye kikohozi peke yake, bali unagusa hata moyo na mishipa ya ubongo. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu ambavyo imethibitishwa vinaleta saratani kwa binadamu. Kumbuka mwaka huo, tutaurudia.

Jiji la kwanza kutoza magari kwa kuingia katikati ya mji lilikuwa Singapore, mwaka 1975. Lengo lao lilikuwa kupunguza msongamano. London nayo ilianza hivyo. Tarehe 17 Februari 2003, Meya Ken Livingstone alianzisha ada ya pauni 5 kwa siku kwa gari linaloingia katikati ya jiji saa za kazi. Kabla ya siku hiyo kulikuwa na kelele nyingi. Baraza la mtaa wa Westminster lilikwenda Mahakama Kuu likashindwa. Wafanyabiashara walisema maduka yatafungwa. Wafanyakazi wa soko la nyama la Smithfield, wanaoingia kazini usiku wa manane ambapo basi ni chache, walisema wanaonewa. Hata magazeti yalitabiri kwamba Jumatatu hiyo jiji litasimama.

Jiji halikusimama. Magari yanayoingia yalipungua kwa takriban asilimia 18, na siku hiyo hiyo ya kwanza basi 300 zaidi zilitolewa barabarani. Jambo hilo la basi naona ndilo la maana kuliko lote. Sheria pia ilidai kwamba fedha zinazobaki zitumike kwa usafiri tu. Mwenye gari aliyeliacha nyumbani aliweza kuona basi lilipo, na kujua kwamba pauni zake ndizo zinazolilipia mafuta. Wengine walikataa kulipa kabisa, na utacheka ukisikia ni nani: balozi za nchi za nje. Ubalozi wa Marekani uliacha kulipa mwaka 2005, ukisema hiyo ni kodi na mabalozi hawatozwi kodi. Balozi nyingine, zikiwamo za Kiafrika, zilifuata njia hiyo, na deni likafika mamilioni ya pauni.

Sasa tufike kwenye dizeli, kwa sababu hapa ndipo hasira ya kweli ilipozaliwa.

Mwaka 2001 serikali ya Uingereza ilibadilisha kodi ya magari. Gari lililotoa hewa ya ukaa kidogo lilitozwa kodi kidogo. Hewa ya ukaa ndiyo inayoongeza joto duniani, kwa hiyo nia ilikuwa njema. Gari la dizeli hutumia mafuta kidogo kwa kila kilomita, hivyo lilionekana kuwa rafiki wa mazingira. Watu walisikia na kutii. Mwaka 2000, katika magari mapya saba yaliyouzwa Uingereza, moja hivi ndilo lilikuwa la dizeli. Kufikia 2012 yalikuwa nusu. Wakati huo huo waliokuwa wakipima hewa walijua kwamba dizeli hutoa masizi na naitrojeni dioksaidi nyingi kuliko petroli. Linganisha na mwaka niliokuomba uukumbuke. Mwaka ambao moshi wa dizeli uliwekwa katika kundi la vitu vya saratani, nusu ya magari mapya ya nchi ile yalikuwa ya dizeli, na wenyewe walikuwa wamelipwa, kwa njia ya kodi nafuu, ili wayanunue.

Likaja jingine. Septemba 2015 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni ya Volkswagen imeweka katika magari yake ya dizeli programu inayotambua gari linapopimwa. Kwenye kipimo gari lilitoa moshi kidogo, barabarani likarudia tabia yake. Kampuni yenyewe ilikubali kwamba magari yapatayo milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo.

Jiweke katika viatu vya fundi wa mabomba anayeishi pembeni mwa London. Mwaka 2012 alinunua gari dogo la mizigo la dizeli, kwa kuwa serikali ilimwambia ni zuri na karatasi za kiwanda zilimwambia ni safi. Tarehe 8 Aprili 2019 Meya Sadiq Khan alianzisha eneo la moshi mdogo sana katikati ya jiji, kwa ada ya pauni 12.50 kwa siku, usiku na mchana. Gari la petroli lililofikia kiwango cha Ulaya cha nne, yaani mengi ya kuanzia mwaka 2006, lilipita bure. La dizeli lilitakiwa kufikia kiwango cha sita, yaani mengi ya kuanzia mwaka 2015. Kwa hiyo petroli la miaka 13 lilipita na dizeli la miaka 7 likatozwa. Kitaalamu hilo ni sahihi kabisa, nami naliunga mkono. Lakini kwa fundi yule, aliyefanya alichoambiwa, lilikuwa kofi.

Oktoba 2021 eneo lilipanuliwa hadi kwenye barabara mbili kubwa zinazolizunguka jiji, ya kaskazini na ya kusini. Hiyo ya kusini, South Circular, ina jina la mtoto juu yake, na siwezi kulipita.

Ella Adoo-Kissi-Debrah aliishi Lewisham, karibu kabisa na barabara hiyo. Alikuwa na pumu kali. Katika muda wa takriban miaka mitatu alipelekwa hospitalini karibu mara 30. Alifariki Februari 2013 akiwa na umri wa miaka 9. Mama yake, Rosamund, hakuacha kuuliza kwa nini. Desemba 2020 hakimu anayechunguza vifo, Philip Barlow, alitamka kwamba hewa chafu, hasa ya magari, ilichangia kifo cha Ella. Ilikuwa mara ya kwanza Uingereza kwa hewa chafu kutajwa hivyo kuwa sababu ya kifo cha mtu. Kuna sehemu nyingine ya uamuzi huo ambayo kila muuguzi anapaswa kuisoma mara mbili. Hakimu alisema kwamba mama hakupewa habari juu ya hatari ya hewa chafu, na kwamba kama angepewa, angechukua hatua. Karibu mara 30 mtoto alifikishwa hospitalini, na mama hakuelezwa kuhusu barabara iliyopita karibu na nyumba yake. Mpendwa msomaji, ndiyo sababu kubwa ya mimi kuyaandika mazungumzo haya. Wahudumu wa afya tumezoea kuuliza kuhusu vumbi, paka na moshi wa jikoni. Mara ngapi tunauliza mtoto analala umbali gani kutoka barabarani?

Novemba 2022 Meya alitangaza kwamba kuanzia tarehe 29 Agosti 2023 ada itatozwa katika mitaa yote ya London, hadi mipakani. Hapo moto uliwaka. Pembeni mwa jiji mambo si kama katikati. Treni za chini ya ardhi ni chache, basi linachelewa, na watu wanaishi mbali na kazi. Muuguzi anayeingia zamu ya usiku, mtu anayezunguka nyumba hadi nyumba akiwahudumia wazee, fundi mwenye vifaa vyake: hao hawana pa kukwepea. Pauni 12.50 kwa siku tano za kazi ni pauni 62.50 kwa wiki, na asiyelipa faini yake ni pauni 180. Kulikuwa na fungu la kuwasaidia watu kuachana na gari kuukuu, pauni 2,000 kwa gari dogo, lakini mwanzoni lilikuwa la wenye kipato kidogo au ulemavu na biashara ndogo. Aliyekuwa juu kidogo ya mstari huo, asiye maskini wa kusaidiwa wala tajiri wa kununua jingine, aliachwa nje.

Mabaraza matano yalikwenda Mahakama Kuu na kushindwa Julai 2023. Wiki moja kabla ya hukumu hiyo, katika uchaguzi mdogo wa Uxbridge, chama cha Meya kilishindwa kwa kura 495, na wengi walisema ada ndiyo iliyokiangusha. Watu waliojiita kwa jina la sinema walipanda ngazi usiku wakikata nyaya za kamera. Waziri Mkuu wa wakati huo alijitangaza kuwa upande wa madereva.

Pamoja na hayo, jambo moja halikusikika vizuri katika kelele hizo. Magari mengi sana, zaidi ya tisa katika kila kumi yaliyoonekana kwenye barabara za pembeni mwa jiji, yalikuwa tayari yamefikia kiwango. Wenyewe hawakutakiwa kulipa hata senti. Wengine waliandamana bila kujua kwamba gari lao linapita bure. Hofu ilikuwa imetangulia mbele ya habari. Muda mfupi kabla ya siku yenyewe, Agosti 2023, fungu la msaada liliongezwa hadi pauni milioni 160 na kufunguliwa kwa kila mkazi wa London mwenye gari lisilofikia kiwango. Kwa maoni yangu hilo lilipaswa kufanywa kwanza, kabla ya kutaja tarehe yoyote.

Matokeo je? Ripoti ya jiji iliyotolewa mwaka 2025 ilikadiria kwamba naitrojeni dioksaidi kando ya barabara za London ilikuwa chini kwa asilimia 27 kuliko ambavyo ingekuwa bila maeneo hayo. Mei 2024 Meya Khan alichaguliwa kwa mara ya tatu. Simaanishi kwamba wenye magari wote walimpenda. Namaanisha kwamba ada iliyotabiriwa kumfukuza kazini haikumfukuza.

Stockholm, Sweden, walifanya kwa utaratibu mwingine, na nadhani wa busara zaidi. Kabla ya ada, watu wengi waliipinga. Serikali ikasema: tujaribu miezi saba tu, Januari hadi Julai 2006, kisha mpige kura. Basi mpya ziliongezwa kabla ya ada kuanza. Magari yanayovuka mpaka wa ada yalipungua kwa takriban asilimia 20, na mtu aliweza kuona kwa macho yake kwamba barabara imepumua. Jaribio lilipokwisha magari yakarudi kujaa, nalo hilo watu waliliona. Septemba 2006 wakapiga kura, na wakazi wa jiji, kwa wingi mdogo, wakasema ada irudi. Ilirudi Agosti 2007, na miaka iliyofuata waliokuwa wakiipinga walizidi kubadili mawazo. Watafiti waliofuatilia watoto wadogo wa jiji hilo waliona mashambulio makali ya pumu yakipungua kwa karibu nusu. Hayakupungua siku moja. Yalishuka polepole, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu mapafu ya mtoto huchukua muda kutulia.

Turudi nyumbani sasa. Usidhani mambo haya ni ya Wazungu peke yao.

Unakumbuka Sheria za Michuki? Zilipoanza Februari 2004, matatu ziliondolewa barabarani na watu wakatembea kwa miguu hadi kazini. Wenye matatu walilalamikia gharama ya mikanda na vidhibiti mwendo. Baada ya muda abiria waliokaa 14, kila mmoja na kiti chake, ndio waliozililia sheria hizo zilipolegezwa. Zile zilihusu ajali, si moshi, lakini mwenye gari wa Kenya alionyesha tabia ile ile ya mwenye gari wa Stockholm.

Na kuhusu hewa yenyewe tumeshapata ushindi mmoja mkubwa ambao hatuusimulii. Zamani petroli yetu ilitiwa madini ya risasi ili injini iende vizuri. Risasi hiyo ilitoka kwenye bomba la moshi ikaingia kwenye hewa na udongo, na risasi katika mwili wa mtoto huharibu ubongo hata ikiwa kidogo. Mwaka 2001 nchi za Afrika zilikutana Dakar zikakubaliana kuiondoa. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake hapa Gigiri, Nairobi, lilisimamia kazi hiyo. Wenye magari makuukuu waliogopa kwamba vali za injini zitaharibika. Ilipofika Januari 2006, nchi za Afrika kusini mwa Sahara, Kenya ikiwamo, zilikuwa zimeachana nayo. Magari yaliendelea kutembea. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha mwaka 2021. Halafu Januari 2015 Kenya na majirani zake wa Afrika Mashariki walishusha salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni. Katika mambo hayo mawili mwenye gari hakuombwa alipe kwenye kizuizi chochote wala hakuvizwa na kamera. Mafuta yalibadilishwa kabla hayajafika kwenye pampu.

Jaribio la karibuni lilikuwa jingine kabisa. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, isiyopungua shilingi 5,000 wala kuzidi 100,000. Wakenya waliikataa, na Juni 2024 ikaondolewa, kabla hata mswada wote haujatupwa. Tazama jinsi ilivyopangwa. Gari jipya lenye thamani kubwa na moshi kidogo lingelipa zaidi, na kuukuu linalotoa wingu jeusi lingelipa kidogo. Kodi hiyo haikuwa na uhusiano wowote na mapafu ya mtu. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba Wakenya walishaikataa ada ya hewa safi, mwambie bado hawajaulizwa.

Hadi watakapoulizwa, watoto wanapumua. Kama mtoto wako ana pumu na njia ya shule inapita kando ya barabara kubwa, tafuta njia ya ndani, hata kama inaongeza dakika kumi. Mkitembea kando ya barabara, mtoto akae upande wa mbali na magari. Unapompeleka kliniki, mwambie muuguzi mnaishi wapi na barabara iko umbali gani, hata asipouliza. Inhela isiachwe nyumbani. Wewe dereva wa matatu, ukisubiri abiria stejini zima injini. Wanaovuta moshi wa kwanza ni wewe na makanga wako, halafu mama anayeuza ndizi nyuma ya gari. Na ukimpelekea fundi wa jua kali gari lako, usikubali akitoe kile kichujio cha moshi kilicho chini ya gari, kinachoitwa katalisti. Atakuambia gari litakuwa jepesi, kisha ataenda kukiuza, kwa maana ndani yake mna madini ya bei.

Mtoto akipumua kwa kasi, kifua kikibonyea chini ya mbavu, au akishindwa kunyonya au kuzungumza kwa sababu ya kukosa pumzi, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali usiku huo huo.

Mazungumzo yajayo yatahusu moshi wa jiko la kuni na makaa, ambao kwa nyumba nyingi za mashambani ndio mkubwa zaidi ya huu wa leo.